Kwa Habiba, Kuhusu Wanyonya Damu na Kabati Lako

Habiba, wifi yangu,

"Vitabu hivi vinawafundisha wasichana wetu mambo matatu: kuasi serikali, kuasi wazazi na kupendana na maiti. Mtoto wa Garsen anahitaji kitabu cha kilimo."

Usiruke huko uliko, hayo si maneno yangu. Aliyasema makamu mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Ijumaa iliyopita, katika bwalo la shule uliyofundisha Kiingereza mpaka ugonjwa ulipokutoa darasani. Alikuwa amesimama mbele ya kabati lako la chuma, lile ulilolijaza riwaya za vijana ulizokuwa ukiziokota kwa wauza mitumba wa Malindi kila ulipokwenda kliniki. Anataka hadithi zote za "mashetani na maasi" zitiwe kwenye magunia na kuondolewa shuleni. Kamati itapiga kura Jumamosi. Nilirudi nyumbani damu ikichemka, na wa kumwambia ni wewe, hata kama wao pia wataisoma barua hii.

Naanza na hilo la maiti, maana linaudhi zaidi. Mnyonya damu si maiti! Ulinisahihisha mwenyewe kwa ile sauti yako ya ubaoni: "Wifi, maiti hatembei. Huyu hajafa vizuri." Mtu anayetaka kupiga kitabu marufuku angalau ajue kilichomo.

La kitabu cha kilimo nitalijibu kwa mamlaka. Mimi ndiye ninayeuza mbegu na dawa ya kupe pale sokoni. Vijitabu vya kilimo vinanifikia bure, vimepangwa ndani ya makatoni, na najua vinakoishia: vinafungiwa njugu. Sijawahi kuona msichana akimnyang'anya mwenzake kijitabu cha kilimo. Vyako nimeona vikigombewa hadi jalada likabaki kwa huyu na kurasa kwa yule.

Na hilo la kwamba hadithi hizi hazituhusu! Hapo ndipo nilitaka kumshika yule mzee mkono nimrudishe mwaka ule mto ulipotutoa nyumbani.

Unakumbuka tulivyopanda kwenye ile ardhi ya juu kando ya barabara? Wengine walifika na sufuria, wengine na kuku. Wewe ulifika na gunia la riwaya, umelizungushia karatasi ya plastiki kama mtoto mchanga. Mama yangu, mkweo, alikaribia kulia. "Mke wa mwanangu ameokoa karatasi!" akawaambia majirani. "Mchele umekwenda na maji, yeye ameokoa karatasi!"

Siku zikapita bila kazi. Mashamba yalikuwa chini ya maji na joto la hema lilikuwa la kuoka mkate. Mchana mmoja ukafungua kitabu ukaanza kusoma kwa sauti, unatafsiri papo hapo, ukikwama Kiswahili unatupia neno la Kiorma, wakikosa kuelewa unaniuliza mimi neno la Kipokomo. Ilikuwa hadithi ya mji wa milimani unaoshika malango ya bwawa, na watu wa bondeni wanaopewa maji wakitii na kufunguliwa mafuriko wakikaidi. Msichana wa bondeni, miaka kumi na sita, anapanda mlima kwenda kuyatafuta hayo malango.

Mama Dhadho, yule mkulima wa mpunga, jirani yetu, akauliza polepole, "Huyu aliyeandika ni mtu wa wapi?"

"Amerika, mama."

"Alikuja Garsen lini?"

Hakuna aliyecheka. Wanawake walitazama maji, kila mmoja na hesabu yake kichwani kuhusu nani huko kwenye mabwawa ya juu hufungua nini. Kule ng'ambo wanaziita hadithi za siku zijazo. Wanaziuza kwa vijana ili washtuke: fikiria dunia ambayo maji ni ya wachache, ambayo mtu wa mbali anaamua wewe ulale wapi! Wanaume wa kamati, tufikirie kitu gani? Sisi tulikuwa tumekaa juu ya magodoro mabichi tukisikiliza jana yetu ikisomwa kama kesho ya watu wengine. Kwa mara ya kwanza niliona mama zangu wakimshangilia mtu wa kitabuni kama watu wanaomshangilia mchezaji wa mpira. "Panda, binti! Panda, usigeuke!"

Siku zilizofuata ukaleta zile hadithi zako za mapenzi.

Kijana mgeni, mzuri ajabu, anakaa kimya kando ya maji na kumtazama msichana. Mama Dhadho akakukatiza.

"Mikono yake vipi?"

"Baridi, mama."

"Macho anapepesa?"

"Hapepesi kabisa."

"Na akimshika?"

"Anasema anajizuia asimdhuru."

"Habiba mwanangu," akasema kwa huruma kubwa, "huyo ni mamba."

Lo! Hema lilipasuka. Mama yangu, aliyekuwa bado anaomboleza mchele, alicheka mpaka akalala chini. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kila mpenzi wa namna hiyo, awe mnyonya damu, awe mtu anayegeuka mbwa mwitu, awe malaika aliyefukuzwa, jina lake lilikuwa moja. Ulikuwa unaswali, unakunja msala, kisha unaninong'oneza, "Wifi, nimepata mamba mpya."

Ugomvi wetu ulianzia hapo na sikuumaliza. Nilikuambia, na narudia hapa mbele ya watu, kwamba kijana anayeingia kwa dirisha kumtazama msichana akilala aripotiwe kwa chifu. Akikuambia, "Kaa mbali nami, mimi ni hatari," mwamini, vaa viatu uende. Karne nzima ameishi, amesoma kila kitu, anaongea lugha zote, halafu anakwenda kukaa darasani na watoto kumtafuta mchumba! Hakuna mjane wa rika lake?

Ulikuwa unachambua mchicha. Hukuinua hata kichwa.

"Wifi, wewe unamtazama mamba. Mtazame msichana."

"Msichana mjinga."

"Kila mtu amemwambia asiende. Amewasikia wote. Amefikiri, ameenda. Mimi namsoma huyo."

Nikakumbuka siku za uchumba wako. Shangazi yako alikuwa amekuuliza, ulipotangaza unaolewa kwetu, kama uko tayari kunuka kambare maisha yako yote. "Unakwenda kwa wala samaki!" Na upande wetu haukuwa bora. Mama yangu alisema utaleta ng'ombe kwenye mpunga wake, na kaka yangu aliposilimu, mama akanuna mpaka akachoka mwenyewe. Watoto wa wafugaji na wa wakulima wa mto huu wanakua wakisikia kwamba upande wa pili wana meno. Hadithi ya watu wa aina mbili waliokatazwa kupendana, mmoja akiambiwa mwenzake atamla, hiyo ndiyo haituhusu?

"Lakini kaka yangu," nilijitetea baadaye, "hajawahi kukutazama ukilala."

"Kaka yako hulala kabla yangu," ukasema. "Na anakoroma."

Sasa nisije nikaonekana nimekuwa laini. Nusu ya vitabu vya kabati lile ni takataka, nasema hadharani. Siwezi kuvumilia zile za msichana mmoja na wavulana wawili. Mji unaungua, watu wanachinjwa, yeye amesimama katikati ya moshi anapima nani ana kope ndefu. Siwezi kuvumilia zile zinazoniambia kwa kurasa mia tatu kwamba msichana ni wa kawaida kabisa, kisha mwishoni nagundua baba yake alikuwa mfalme. Kwa nini asibaki binti wa muuza maembe? Mpaka awe na damu ya wakubwa ndipo aruhusiwe kuangusha wakubwa? Na hakuna anayepika humo! Wanafanya mapinduzi wiki nzima kwa kipande cha mkate.

Hata hivyo takataka ina kazi. Ninyi mnaodai kusoma vitabu vizito tu, mlijifunza kusoma na nini? Mimi nilianza na hadithi za mapenzi zilizochanika kurasa za mwisho. Nikawa najitungia miisho yake, na ndiyo sababu leo nabishana na kila ninachokisoma. Msomaji aliyeshiba takataka anaijua ladha yake, huwezi kumuuzia tena. Anayelishwa kitabu kimoja kitakatifu cha mtihani atanunua chochote akikabidhiwa na mtu mwenye tai.

Nimefika sasa kwenye habari iliyonikalisha kuandika.

Kaka yangu alikuwa Hola kikazi, kwa hiyo kwenye mkutano nilimwakilisha mimi, shangazi yake Amina. Binti yako huyo sasa yuko kidato cha tatu, mrefu kuliko mimi. Makamu alipomaliza kusema aliamuru wasichana kadhaa wasimame washike magunia, ili wazazi waone kwamba jambo ni la dhati. Amina alikuwa mmoja wao. Alisimama mbele ya kabati la mama yake ameshika gunia tupu la mbolea, na mimi nilikuwa nimeshanyanyuka nusu, mdomo wazi, tayari kumharibia mtu siku.

Akanitangulia.

"Samahani, mzee. Naomba kuuliza."

"Uliza, binti yangu."

"Umesoma kipi?"

"Sumu haionjwi."

"Ndiyo, mzee. Basi tusomee jina lililo kwenye chupa."

Makamu akageukia kabati, akatoa kitabu chenye mwezi mkubwa mweupe jaladani, akakiinua juu. "Kama hiki! Mwezi, giza, uchawi mtupu!"

"Hicho ni cha jiografia, mzee."

Habiba, hata mwalimu mkuu alijifunika uso kwa faili. Niseme haki: yule mzee si mtu mbaya. Ana wajukuu wa kike na anaogopa, na mambo ya kuogopa yapo, hapa kwetu wasichana wanapotea shuleni kila muhula. Lakini hakuna hata mmoja aliyepotezwa na riwaya. Waliopotezwa walipotezwa na watu wazima wenye pikipiki na simu nzuri, na yeye anawafahamu wengine kwa majina. Kamati haijawahi kuitisha gunia kwa ajili yao.

Kicheko kilipotulia Amina alikuwa bado amesimama.

"Mama alipenda vile vya watu wanaopendana. Shangazi anapenda vile vya watu wanaopigana. Mimi sipendi mwisho wa vyote. Dhalimu akianguka, kitabu kimeisha. Nani alifagia? Nani aliwapelekea watu maji siku ya pili? Nataka kusoma hicho. Na kama hakipo, sitajua kwamba hakipo mpaka nisome vilivyopo."

Akaweka gunia sakafuni, akaketi.

Nusura nipige vigelegele. Ametupindua wote wawili! Miaka yote tumegombana jikoni, wewe na mapenzi yako, mimi na vita vyangu, na huyu mtoto alikuwa kimya anaosha vyombo, anatusikiliza, anatuona tuna upungufu. Kuasi wazazi? Naam, ameasi wazazi, kwa hoja, mbele ya halaiki, bila kumvunjia mtu heshima. Ukiniuliza kabati lile limezaa nini, nitaonyesha pale alipokuwa ameketi.

Lakini kicheko si kura. Wazazi wengi walitoka wakinong'ona kwamba msichana amejibu mzee, kumbe ni kweli vitabu vinaharibu. Jumamosi wakinyoosha mikono, kabati litabaki na jiografia.

Na mimi, wifi, nimebaki kusoma peke yangu. Nakifunga kitabu, nageuka kukutafuta nikugombeze, naona kiti chako kitupu. Sehemu ya tatu ya ile hadithi ya bwawa nimeipata hatimaye, ile uliyoitafuta Malindi ukaikosa. Ni mbaya mno! Msichana anavunja lango, maji yanashuka, kisha anaolewa. Ungepiga kelele mpaka wakusikie Tarasaa. Nimesoma ule mwisho mara kadhaa nikisubiri nisikie utakavyoutetea, maana ungeutetea, na ungekuwa na neno moja la kunikwamisha, na silijui ni lipi.

Pumzika, Habiba. Usikubaliane nami katika lolote.

Na ninyi wajumbe wa kamati ya wazazi, mliofika mpaka hapa katika barua isiyo yenu, nina neno nanyi. Ufunguo wa kabati uko kwa mwalimu mkuu. Kabla ya Jumamosi kila mmoja wenu aende achukue kitabu kimoja, akisome mpaka ukurasa wa mwisho. Kiingereza kikiwasumbua, waiteni binti zenu wawasomee. Kaeni nao, waangalieni wanapocheka, waulizeni wanapokasirika. Kisha njooni mpige kura mtakavyo. Atakayekuja hajasoma, asinyooshe mkono.

Ni mimi, wifi yake Habiba,
Garsen