Kukata Majina ya Mradi wa Maji

Jumatatu, 3 Machi
Miezi miwili bila kuandika hapa. Ni uvivu tu, na ninauombea radhi. Nimekama ng'ombe, nimekunywa chai, nimefungua kompyuta. Orodha ya mradi wetu wa maji hapa Gatitu imerudishwa. Afisi ya maji inataka jina la mwanachama katika safu moja, la baba au mume katika safu nyingine. Sisi tuliandika yote pamoja: Kamau wa Njoroge. Mistari mia nne. Mwisho ni Ijumaa. Atakayekosekana hataunganishiwa bomba mwaka huu. Mimi ndiye katibu.

Sitanakili kwa mkono. Nitatumia Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, niliyojifunza baada ya kustaafu ualimu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeiamuru programu ikate kila mstari penye "wa". Herufi kubwa na ndogo zihesabiwe sawa, maana makarani wa zamani waliandika kwa herufi kubwa. Kazi ya dakika moja. Nimechapisha na kubandika kwenye mlango wa duka la Gathogo, mwenyekiti wetu. Sikukagua.

Jumatano, 5 Machi
Aibu. Wambui amekuwa "mbui". Mwangi amekatwa vipande viwili, "M" na "ngi". Huku kwetu ni wangapi wasio na "wa" ndani ya jina? Dukani wamecheka tangu asubuhi. Gathogo alinikabili mbele ya wote: "Mwalimu, ulikuwa unatuchapa juu ya nukta moja. Leo umechinja kijiji mzima." Nikamsahihisha: kijiji kizima. Wakacheka zaidi.

Wambui hakucheka. Ni mjane, ana goti bovu, na huteka maji mtoni. Aliuliza tu, "Sasa mwalimu, mimi niko kwa orodha ama siko?" Gathogo amenipa hadi kesho saa sita mchana. Baada ya hapo atapeleka majina yaliyotoka mazima tu. Ni machache.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeipata. "Wa" ya kuunganisha ina nafasi pande zote mbili. Iliyo ndani ya jina haina. Ruwaza mpya, yaani kielelezo cha kukatia:

re.split(r"\s+wa\s+", mstari, flags=re.I)

Alama \s ni nafasi, na re.I husawazisha herufi kubwa na ndogo. Alama ya jumlisha maana yake moja au zaidi, kwa kuwa makarani wale waliacha nafasi ovyo. "WAMBUI  WA MWANGI" ikatoka vipande viwili kamili. Nilipiga meza, chai ikamwagika. Kisha nikakagua yote mia nne, rula mkononi. Hakuna jina lililovunjika. Hata moja.

Nilifika dukani saa tano na nusu. Gathogo alitafuta jina lake, akatafuta la Wambui, akaitia orodha kwenye bahasha. Nilifurahi kupita umri wangu.

Jumapili, 9 Machi
Afisi iliipokea orodha Ijumaa, bila swali. Leo baada ya ibada Wambui alinishika mkono. Anaishi upande wa bondeni. Jumatano kamati itaamua mtaro wa bomba uanze kuchimbwa juu au bondeni. Nitaandika wakishaamua.