Krokosmia za Mukhisa

Sellah,

Uji uko kwa sufuria. Mpe baba yako hata akikataa. Mimi nimeenda Bungoma kumwita senge yako Nekesa, labda baba yako atamsikiza dada yake.

Asubuhi nimemkuta na jembe, ameng'oa krokosmia zote, yale maua mekundu kaka yako Mukhisa alipanda kando ya mlango kabla ya kwenda vita ya Burma. Nikapiga kelele, "Baba Mukhisa, hayo si magugu!" Akasema, "Najua. Kila mwaka yanachanua, na yeye harudi."

Nikashika jembe, akaniondoa mkono polepole. Halafu akakaa chini kwa udongo, akalia. Sijawahi kumwona hivyo. Mimi nilisimama tu, sikujua nifanye nini, na hata sasa sijui.

Vile vitunguu vya maua nimeviokota, viko kwa kikapu. ~~Virudishe pale pale.~~ Hapana, usivipande, atang'oa tena. Viweke ghalani, panya wasifike.

Usimwulize kitu, kaa tu karibu naye. Lakini yeye mwenyewe akivitaka, mpe. Mukhisa ni mtoto wake pia.

Mama yako