Nusu Tembe ya Nyambura

Madam,

Bado nakuita hivyo. Kortini wanakuita "marehemu wakili", nami nashtuka kila mara, nadhani wanamzungumzia mtu mwingine. Tangu tukuzike kule Othaya nimekuwa nikisema nitakuandikia, lakini kila nikishika kalamu naona utanisahihisha. Haya, sahihisha. Leo siogopi.

Ofisi iko vilevile, hapo juu ya duka la mbegu. Kiti chako hakuna anayekikalia. Nyambura wetu wa jikoni hukipangusa asubuhi kabla ya kubandika chai, kisha hukigeuza kitazame dirishani ulivyopenda, ili mlima ukitoka mawinguni uache kazi uutazame. Mimi nimechukua joho lako tu. Linanifika vifundoni, napanda ngazi za mahakama nimelishika kama bibi harusi. Ungecheka hadi ukohoe.

Nakuandikia juu ya kesi ya dawa ya moyo. Najua ndiyo unayongoja.

Uliiacha mahali pabaya, Madam, na nilikukasirikia. Unakumbuka tulipokuwa. Hataza ya ile kampuni, yaani haki yake ya kuuza dawa hiyo peke yake, ilikuwa inaisha. Ikabadilisha ganda la tembe, ikachukua hataza nyingine, ati ni uvumbuzi mpya. Kisha ikaelewana kimyakimya na kampuni ndogo iliyokuwa tayari kuleta dawa hiyohiyo kwa bei nafuu: kaeni nje ya soko, tutawatunza. Wewe ukasema, "Wamepaka nyumba rangi, sasa wanataka hati mpya ya shamba." Nyambura akacheka, nawe ukasema hapo tumeshinda, kwa kuwa Nyambura ameelewa.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako. Karatasi haitoki ofisini kabla ya kusomewa Nyambura jikoni, yeye akimenya viazi au akichemsha maziwa yetu ya chai. "Kama Nyambura haelewi, jaji ataelewaje? Soma tena, polepole." Mwaka wangu wa kwanza nililia kwa sababu hiyo. Nimetoka chuo kikuu na maneno yangu makubwa, halafu niyasome mbele ya viazi!

Wiki chache baada ya mazishi, kampuni ikaleta barua ya kumaliza kesi. Wateja wetu wote, wale wazee wa Tetu na Othaya, wangepewa dawa bure maisha yao yote. Sisi tuondoe kesi, na tunyamaze. Nisikudanganye, nilifurahi. Nilikuwa nimechoka, niko peke yangu, na wenzetu wa upande wa pili wanajaza benchi zima la mawakili. Nilishaamua nitawashauri wateja wakubali.

Lakini ulikuwa umenizoesha vibaya. Nikaipeleka barua jikoni, nikaisoma polepole hadi mwisho. Nyambura akafunga bomba. Akaniuliza, "Na sisi wenye hatuko kwa hiyo karatasi?"

Nikamwambia, sisi akina nani?

Akafungua fundo la leso yake, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na nusu tembe, imekatwa kwa kisu. Ileile, Madam. Ile yenye ganda jipya. Alikuwa akimeza nusu leo, nusu kesho, kwa sababu ya bei, tangu wewe ukiwa hai. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alidhani kesi ni ya watu wenye wako kwa faili, na tena hakuna mtu alimuuliza.

Hakuna aliyemuuliza! Mimi na wewe, wajuaji wakubwa, tulimsomea kila hati juu ya ugonjwa wake mwenyewe ili atuambie kama Kiswahili chetu kimenyooka. Niliketi pale jikoni nikalia, na yeye ndiye aliyenipa chai. Nikakukasirikia tena. Halafu nikakuonea huruma, maana ungejua ungeumia kuliko mimi.

Jumamosi hiyo tulikutana na wateja katika ukumbi wa kanisa, Tetu. Niliwasomea barua yote. Niliwaambia dawa ya bure si jambo dogo, na uamuzi ni wao. Kisha Nyambura akasimama, akafungua kikaratasi chake. Hakuhutubia. Mzee Karanja, yule aliyekuwa akikuletea parachichi, aliitazama ile nusu muda mrefu, akasema, "Hata mimi hukata hivyo." Wakakataa, Madam. Dawa ya bure iko mkononi na wakakataa, mmoja baada ya mwingine. Nikairudisha barua ya kampuni kwenye faili.

Basi nikasimama kortini na joho lako refu. Nikayatumia maneno yako ya nyumba na rangi. Jaji hakucheka, lakini nilimwona akiandika. Mwezi uliopita alisoma uamuzi: ganda si uvumbuzi, hataza ya pili imefutwa, na yale maelewano ya kuzuia dawa nafuu ni kinyume cha sheria. Wamekata rufaa, wangekosaje! Lakini mahakama imekataa kuizuia dawa nafuu wakati rufaa inangoja, na dawa hiyo imeanza kuuzwa.

Jana Nyambura alirudi kutoka duka la dawa na pakiti nzima. Akaweka kisu cha jikoni kwenye droo. Akamimina chai vikombe vitatu, bado hajaacha, akameza tembe moja kamili mbele yangu. Akaniambia, "Haya, soma ile ya rufaa."

Nimekukosa, Madam. Nimekukosa sana. Nakuahidi nitaendelea kumsomea, polepole, hata rufaa hii na nyingine zitakazokuja. Lakini kwanza nitamuuliza ameamkaje, na nitangoja anijibu.

Pumzika sasa. Kikombe chako cha chai nimekinywa mimi.

Mwanafunzi wako,
Wairimu