Vazi Kavu la Peri

Jumamosi, 2 Septemba

Peri amepata vazi kavu, lile la kupigia mbizi lisiloingiza maji. Jeusi, mabega mekundu, limekatwa kwa vipimo vyake na kuletwa kutoka Urusi. Baba yake kauza farasi.

Mama mdogo Gulsun, mama yake Peri, alitualika chai. Vazi lilikuwa limelazwa juu ya magodoro ya wageni kama bibi harusi. Na kama bibi harusi, hulitazami bure: anayeona kitu kipya kwa mara ya kwanza hutoa korumduk, zawadi ya kutazama. Mimi sikuja na kitu. Mama akanibinya kiwiko, akatoa mkobani soksi za sufu alizonifumia mimi — mimi! — akanibandika mkononi.

Peri alizipokea kwa mikono miwili. Akasema atazivaa ndani ya vazi, ili eje wake awe naye kule chini.

Eje. Dada mkubwa. Ananiita hivyo tangu ajue kusema. Mimi ndiye niliyemfundisha kupumua chini ya maji, pale gatini, akining'ang'ania nywele kwa woga. Nikamwombea dua ya nguo mpya: lichakae, mwenyewe abaki. Tabasamu liliniuma mashavu mpaka nyumbani.

Nataka lipasuke. Nimeandika, basi.

Jumatano, 6 Septemba

Ulan baike, kaka Ulan kama tunavyomwita wote, alikuja kazini kwangu makumbusho, nikiwa nachora vigae vya vyungu. Ndiye anayeongoza wapiga mbizi wanaochora ramani ya mji uliozama ziwani. Mwanzoni mwa Novemba atashuka upande wa kina kirefu kutandaza kamba za vipimo juu ya kuta. Atachukua mtu mmoja tu, mwenye vifaa vyake. Peri ameomba. Nami nimeomba.

Hakutaja jina. Aliniuliza nataka kufanya nini majini mwaka huu, na nini baada ya miaka mitatu. Nilijibu bila kupumzika: mwaka huu kazi hiyo, baadaye kikosi changu mwenyewe, kwenye kina na baridi. Inaonekana jibu lilikuwa likinisubiri kooni.

Akasema basi nianze na kipumulio, kile cha kuleta hewa ya mtungi kinywani. Kule chini maji yetu ni ya kukata mifupa. Kipumulio cha watalii kinaganda kikiwa wazi na kumwaga hewa yote ya mtungi. Kizuri nitakaa nacho miaka. Vazi kavu lifuate mwakani.

"Na Novemba je, baike?"

"Novemba ni mwezi mmoja tu, Saikal."

Nikamuuliza kuhusu Peri, aliyeanza na vazi. Akacheka: Peri kafanya harusi kwanza, mchumba atatafutwa baadaye.

Nilifurahi mchana kutwa. Aibu. Kidogo tu.

Jumapili, 17 Septemba

Bishkek, mji mkuu, duka la vifaa vya mbizi. Uwezo wangu ni kitu kimoja mwaka huu. Nilikwenda kwa ajili ya kipumulio, na neno la kwanza kunitoka mdomoni likawa vazi kavu.

Lilikuwepo moja. Jeusi, mabega mekundu — sikupanga! Nikajisukumiza ndani. Mpira wa shingoni ulinikaba, mabega yakakwama, nikabaki nimesimama mikono wazi kama sanamu ya kutishia ndege. Muuzaji, mzee mnene mwenye utani, akaniambia: "Binti, hili lilishonewa mtu asiye na mabega. Una mabega ya kubeba mlango wewe."

Nilijitazama kiooni muda mrefu. Nikagundua namtafuta Peri.

Nimenunua kipumulio. Chuma kizito, kimezibwa maji yasiingie kikaganda. Ndicho sahihi, hata muuzaji aliacha utani alipokiweka mezani. Lakini hakuna atakayealikwa chai kuja kukitazama. Nimenunua akili, na akili haipendezi kwenye kioo.

Jumanne, 10 Oktoba

Jaribio. Ulan baike alitushusha wote wawili, kila mmoja na vyake.

Mimi: vazi langu la zamani la mpira, lile linaloingiza maji, na kipumulio kipya. Hewa laini, kama niko sebuleni. Mwili — msiba. Penseli ilinianguka mara mbili. Nikatoka midomo ya bluu, meno yakigongana, sikuweza kutamka hata jina langu.

Peri: alikuwa na joto kama mkate. Lakini kule chini kipumulio chake kikaganda, kikaanza kumwaga mapovu kama birika lililosahaulika. Ulan baike akampa cha akiba, wakapanda pamoja taratibu. Hakuogopa. Hata hilo linaniudhi.

Vitu vyetu vikatandazwa juu ya turubai. Ulan baike akavizunguka, mikono nyuma.

"Nyie wawili ni mpiga mbizi mmoja aliyekatwa vipande."

Watu wakacheka. Peri kuliko wote, huku akikamua nywele ambazo hazikulowa hata kidogo. Kisha akakitazama kipumulio changu. Mara moja tu, akaondoa macho haraka. Niliona.

Mabega yangu hayaingii katika vazi lake. Kipumulio changu kinaingia kinywa chochote.

Ijumaa, 20 Oktoba

Peri hajaomba. Angeomba ningekataa, mambo yakaisha.

Badala yake alikuja mama mdogo Gulsun na mkate wa moto na jamu ya aprikoti za bustani yake. Tukazungumza habari za kondoo, za harusi ya jirani, za goti lake. Kipumulio hakikutajwa. Kilikuwa pale chumbani kama mgeni wa pili.

Alipoondoka mama akaanza kukusanya vikombe.

"Mkubwa ni jalala, mwanangu."

Nikamwambia najua. Makoti yangu yalikwenda kwa Peri, viatu, vitabu, hata baiskeli. Mama akasema na sikuwahi kulalamika.

"Nilikuwa nimeshavivaa, mama."

Aliosha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana.

Mchana nimekwenda kwa Ulan baike, nimemwambia ampeleke Peri, nitamwazima. Akasema nina moyo mkubwa. Angeufungua aone kilichomo.

Jumamosi, 4 Novemba

Niko ndani ya gari, ufukweni. Upepo kutoka milimani, maji meusi.

Nimempa. Nilikifunga mwenyewe kwenye mtungi wake, nikakitegea sikio: hakivuji. Kimemkaa vizuri. Kazi yangu leo ni kushika kamba ya usalama. Ncha moja kifuani kwake, ncha nyingine mkononi mwangu.

Zipu ya vazi lile iko mgongoni, kutoka bega hadi bega. Mwenye nalo hawezi kujifunga. Akanigeuzia mgongo, akashika nywele juu.

"Eje, nifungie."

Nikavuta. Inakaza mwishoni kabisa, penye bega la kulia. Inabidi uvute kwa nguvu mpaka igonge. Isipogonga, ziwa lote linaingia. Ulan baike akauliza kwa mbali kama imefika. Nikasema imefika. Peri akajitupia koti la kuzuia upepo, akaniambia siku nitakayopata vazi langu ataleta korumduk ya maana, si soksi. Alikuwa anatania. Anatania kila mara, kwa moyo mweupe, ndiyo maana siwezi hata kumchukia vizuri.

Nikarudi garini kuchukua glavu. Badala yake nimechukua daftari hili.

Imefika?

Nakumbuka mkono ukivuta. Nakumbuka nikiwaza kwamba mahali pale ni pangu, yale maji ni yangu. Kugonga sikumbuki.

Amevua koti. Yuko kwenye maji ya magoti, Ulan baike anamfunga kamba. Kioo kimeshika ukungu, mgongo wake siuoni sawasawa. Nikimsimamisha sasa, itabidi niseme kwa nini nilijibu haraka vile.

Anapunga mkono. Anaita. "Eje, tunakungoja wewe tu."