Kitanda cha Mama Upande wa Kaskazini

Bonde la Mto Sheyenne,
Dakota.
6 Aprili, 1884.

Mpendwa mdogo wangu Torbjorg,

Kwanza kabisa simama, ufute mikono, maana nina tangazo rasmi: mimi kaka yako Eivind, kwa kura za wananchi, ndiye Msimamizi Mkuu wa Mifugo Izururayo katika kata yetu mpya. Ng'ombe akikamatwa kwenye ngano ya mtu, analetwa kwangu. Mpaka sasa nimeletewa nguruwe mmoja tu, naye ni wangu.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, Aslak na watoto. Kifua chako je, kimeachia? Mimi mwili hauna neno. Nywele zimeshaniaga, meno bado yanafikiria.

Kata tuliianzishia nyumbani kwa jirani yetu Sjur Bakke. Mwenyekiti na karani tuliwachagua bila kelele, tukaja kukwama kwenye jina. Sjur alitaka iitwe Hardanger, kama kwao. Mzee Nils akamkata: "Wewe Sjur, huko kwenu hata mbuzi wamehama, leo unatuletea jina la huko?"

"Na kwenu wewe mbuzi hawajawahi hata kufika, mzee!"

Kahawa ilimwagika. Mwishowe tumeiita Mbuga ya Mashariki, jina lisilomfurahisha mtu yeyote, kwa hiyo tumepatana.

Nazunguka tu, nawe unanijua: nikichekesha sana kuna kitu nakikwepa. Kaa chini, mdogo wangu. Mama hatunaye. Alifariki mwezi wa pili, na mpaka leo mkono ulikuwa unakataa kuliandika.

Pasta atakuandikia kwamba ni uzee. Si uzee. Nakueleza yalivyokuwa.

Unakumbuka kwamba mama, kwa kuwa ni mjane, alipewa ardhi yake mwenyewe, ikipakana na yangu. Sheria inataka mtu aishi kwenye ardhi yake miaka mitano ndipo iwe yake kabisa. Tulifanya kama wengi wa hapa: tukajenga nyumba moja ya mabonge ya udongo juu ya mpaka wenyewe, kitanda changu kwangu, chake kwake, upande wa kaskazini. Jiko la chuma likaangukia kwangu. Mama alichomeka vijiti sakafuni kuonyesha mpaka, na ole wako uvikanyage. Ardhi ile hakuitaka kwa ajili yake. Alikuwa anaishikilia kwa ajili yako na Aslak, mje huku muache kulima mawe ya kukodi huko ng'ambo ya bahari.

Homa ilipomshika, ukuta wake ulikuwa umeganda barafu kwa ndani. Nilimsihi nimsogeze karibu na jiko, upande wangu.

"Nikilala kwako, nimehama," akasema. "Watu wana macho, Eivind. Watamnyang'anya Torbjorg."

Nikamwambia basi nihamishe jiko.

"Utoboe paa upya kwa bomba la moshi kwenye baridi hii? Utatuua wote, zuzu wangu."

Sjur alikuja akamwapia kwamba hakuna jirani atakayesema neno. Mama akamtazama: "Hivyo hivyo ndivyo ningesema, kama ningekuwa naitaka ardhi ya mtu."

Mchana mmoja, usingizi wa homa ulipomzidi, nilimbeba. Hakuwa na uzito wowote. Nikamlaza karibu na jiko, nikamfunika mablanketi yote tuliyo nayo, nikatoka kuwalisha ng'ombe. Niliporudi, mablanketi yalikuwa pale pale nilipoyaacha. Yeye alikuwa ametambaa kurudi kwake. Kifua kilikuwa kitandani, miguu bado sakafuni, yote miwili upande wake wa vijiti. Alikuwa ameshakata roho.

Baadaye mtu wa ofisi ya ardhi aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba mgonjwa popote alalapo hana kosa. Hakuna anayepima vitanda. Na kwamba warithi wanaruhusiwa kumalizia muda uliobaki.

Kwa hiyo shamba lipo, Torbjorg. Siwezi kukuambia njoo, wala siwezi kukuambia usije.

Nisalimie Aslak, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Shangazi Guro mwambie polepole, usimwambie akiwa peke yake. Mungu awatie joto nyumbani mwenu.

Kaka yako akupendaye na asiyejua kufariji,
Eivind