Ndizi Nilizofungia ndani ya Kamio

Furaha, mujukuu wangu,

Hapa Majengo tunapumua, baba yako ameacha kukohoa. Lakini barua yako imenikasirisha! Unazunguka na wenzako kwa gari kwenye milima ya barafu, munalala ndani ya hema, chakula munakifungia garini wanyama wasile, halafu unaniuliza: "Koko, uliwahi kuogopa wanyama?"

Wakati wa vita tulikimbilia Beni, kamio, lori lililotubeba, ikaharibika katikati ya pori la simba. Mimi pia nilifungia ndizi zangu mbele kwa shofa, kwenye chumba cha dereva, eti sababu ya wanyama. Mwanamuke mukimbizi akatokea, mutoto mugongoni. "Mama, hata moja tu."

"Sina kitu!"

Akasema aksanti, akaingia na mutoto wake kwenye majani marefu.

Simba hawakutugusa sisi wa kamio; yule mama na mutoto wake sikuwaona tena. Ndizi zilifika Beni zimeoza zote. Na wewe unaniuliza wanyama!

Koko yako