Rudi moya

Yaya Gaston, mkubwa wangu,

Noyau yetu, ile programu ya ndani kabisa tuliyoandika ya kuongoza mashine, imepita jaribio. Nakuambia hilo kwanza, maana barua zinazozunguka hukuzipenda.

Tangu tukuzike, Mama Léonie, bibi yako, ameiacha mashine yako, ile ordinateur, mezani, hapa Kasungami, imefunikwa shuka kama mugonjwa. Jumapili ndugu zako wa Pweto wanakuja kumaliza matanga, na mashine itaenda nao. Mjomba wako anaitaka ya kuangalia filimu. Mama Léonie akaniuliza, bila hasira: "Ile kazi yenu iliisha? Ao bwana yangu alikuwa anacheza tu?"

Wakati ule programu ya kujaribia ilikuwa inafika kwenye point d'arrêt, pale tulipoiwekea alama ya kusimama, inasimama, inaandika "niko hapa", halafu inakufa. Na wewe ulisema kila siku: "Point d'arrêt haiko kosa. Processeur anasimama, anakuita, unamuangalia, unamuacha aende."

Nikafungua daftari lako. Mstari mmoja tu juu ya octet, zile namba ndogo zinazojenga kila agizo: "Rudisha octet ya zamani, rudi moya." Nikaona umeruka neno. Rudi mara moya, yaani haraka. Siku nne nikapunguza mistari ili noyau irudi haraka zaidi. Ikawa inakufa haraka zaidi.

Alhamisi nikasoma tena. Hukuruka neno. Alama yetu ya kusimamisha inakalia octet ya kwanza ya agizo, na processeur akisimama amekwisha kuivuka. "Moya" yako ilikuwa hesabu: ulitaka nimrudishe nyuma octet moja, asome agizo lote tangu mwanzo. Mimi nilikuwa namuachia katikati ya neno, halafu namlaumu. Nikatoa moja kwenye anwani anayorudia. Siku nne, Yaya, kwa kutoa moja.

Nikamuita Mama Léonie. Programu ikasimama, ikaandika, ikaendelea kuhesabu.

"Njo ile tu?" akauliza.

Njo ile tu, nikamwambia, hakuna kingine. Akavuta kiti, akaitazama ikihesabu mpaka mbabula yake ya makaa ikazima huko nje, chakula hakijaiva.

Kazi yote nimeikopi kwangu. Mjomba atapata mashine yake. Lakini Jumapili, kabla hawajaifunga kwenye carton, Mama Léonie anataka kuiwasha mwenyewe mbele yao. Leo amejaribu mara mbili. Nakuahidi, siku hiyo nitakaa nyuma, na sitamsaidia kuongea.

Pumzika, Yaya.

Dédé